Draiva ya Majaribio na Mguu wa Kabula

Mmeniomba niandike maneno ya kuwatia moyo, ninyi mnaomaliza mafunzo ya ufundi wa kompyuta. Barua yenu ilikuwa na heshima zote, mkaniita mama mlezi, mkachora na ua pale juu. Asanteni. Lakini maneno ya kutia moyo sina. Nina hasira, ninayo miaka mingi, na juma lililopita mmoja wenu aliichokonoa.

Alikuja hapa Ilomba, Mbeya, kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, mwenye kompyuta ya zamani kidogo kuliko kijana mwenyewe. Alikuwa ameiwekea mfumo mpya, na kama kawaida mfumo mpya haukuijua kadi ya picha ya zamani, basi maandishi yakawa makubwa mpaka barua moja haienei kwenye skrini. Kijana akatafuta kwenye simu yake, akapata draiva ya majaribio, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo ambayo bado haijakamilika, akanakili mistari mitatu ambayo nina hakika hakuisoma, akazima, akawasha. Picha ikaja nzuri. Akageuka, akaniambia, "Imewaka, mama."

Nikamuuliza ameijaribu kwa kitu gani. Akasema, "Si unaiona?" Nikamuuliza draiva iliyokuwepo kabla iliitwaje. Hajui. Nikamuuliza kesho skrini ikiwa nyeusi atarudije alikotoka. Akacheka, akasema hayo ni mambo ya kizamani. Nikamwambia achukue begi lake aondoke. Mwalimu amenuna, anasema nimemfukuzia fundi, na mpaka leo salamu yake naipata nusu. Anune tu. Hilo neno "imewaka" mimi silitaki kulisikia, na leo nitawaambia kwa nini, hata kama mlitaka ua.

Ufundi niliuanzia Iringa, kwa Mzee Kihwele, aliyekuwa akitengeneza televisheni na deki za video. Nyumbani kwetu ni jirani na Tosamaganga, nikawa napanda asubuhi kwenda mjini, jioni narudi. Wateja wakiingia walimpita yule msichana mwenye bisibisi mkononi, wakaniuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Mzee alikuwa anajibu bila kuinua kichwa: "Unaongea naye." Halafu mteja akitoka ananigeukia mimi, ananitukana kwa Kihehe kwa kosa nililofanya asubuhi. Alikuwa mkali yule mzee. Kila nikimkumbuka mgongo unanyooka wenyewe.

Mzee Kihwele alikuwa na mkanda wa harusi ya dada yake. Si kwamba aliipenda sana hiyo harusi, maana yeye na shemeji yake walikuwa hawaelewani. Lakini televisheni yoyote iliyotengenezwa kwake haikutoka mlangoni mpaka ipite kwenye mkanda ule. Bwana harusi alikuwa mweusi, amevaa suti nyeusi, amesimama mbele ya gari jeusi. Bibi harusi alivaa shela jeupe lenye maua meupe, ameshika maua meupe. Mzee alikuwa ananisogeza karibu na kioo, ananiuliza: "Vifungo vya suti ni vingapi? Maua ya shela unayaona?" Ukivihesabu vifungo na ukayaona maua kwa wakati mmoja, televisheni imepona. Vifungo vikipotea, weusi umevimeza. Shela likiwa kama shuka, weupe umeungua. Rudi ndani, fungua tena.

Siku moja mteja mmoja alikuwa na haraka, picha ilikuwa imeshakuja, mtangazaji anaonekana na tai yake nyekundu. Nikamwachia. Mzee aliporudi kutoka chakula alinituma nimfuate yule mteja kwa miguu mpaka kwake, nikaibebe ile televisheni kichwani, niirudishe kwenye mkanda. Nilifika nalia. Shela lilikuwa shuka. Mzee akaniambia, "Rangi nyekundu hata televisheni mbovu inaionyesha. Wewe unajaribu kwa kitu kinachokupendeza." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilidhani ananionea.

Baadaye nilikuja Mbeya, televisheni nikaziacha, nikashika kompyuta. Nikauhamisha ule mkanda. Nilichukua picha moja tu, ile ya maharusi wamesimama mbele ya gari, nikaiweka kwenye flashi, nikaifunga flashi kwenye ufunguo wa nyumba. Ilienda nami kila ofisi. Vijana wenzangu walikuwa wananitania, "Mama, harusi ya nani tena hiyo?" Nikawaambia yangu.

Sasa nisikilizeni kuhusu hizi draiva za majaribio, kwa sababu mtakutana nazo tu. Nchi hii inaishi kwa kadi za zamani. Kompyuta zinatolewa huko ng'ambo zimechokwa, zinaletwa kwetu zikiwa zimefungwa utepe, na sisi ndio tunaozibembeleza ziishi. Mfumo mpya ukitoka unaacha kadi za zamani nyuma. Ndipo wanajitokeza watu wa huko mbali, wanaofanya kazi bila malipo, wanaandika draiva kwa ajili ya kadi ambazo wenyewe waliozitengeneza wamezisahau. Watu hao nawaheshimu sana. Na wanasema ukweli: wanaandika kabisa kwamba hii ni ya majaribio, hiki kinafanya kazi, hiki bado. Wanaandika kwenye faili la maelezo, lile la kusomwa kwanza, ambalo ninyi hamsomi.

Kwanza, jua kadi yako. Usisome stika ya nje, stika zinabandikwa na wauza maduka. Uulize mfumo wenyewe ukupe namba ya kadi, uiandike kwenye daftari. Kadi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na matumbo tofauti kabisa.

Pili, jenga njia ya kurudi kabla hujaenda. Mimi niliwahi kuweka draiva ya majaribio kwenye kompyuta tatu za ofisi moja kwa mpigo, kwa sababu nilijiona nimekubuhu. Zote tatu zikawaka nyeusi. Kompyuta yenyewe inafanya kazi, unaisikia inanguruma, lakini hakuna unachokiona. Nilikaa na karani mmoja aitwaye Mama Bupe, akaniuliza taratibu, "Ndiyo zimekuwa mpya?" Aibu ile sijaisahau. Tangu siku hiyo nafanya moja moja, draiva ya zamani siifuti bali naizuia tu isiamke, na pale kwenye orodha inayotokea kompyuta inapowaka naacha mstari mmoja wenye mpangilio wa zamani vilevile ulivyokuwa. Skrini ikiwa nyeusi, nazima, nachagua mstari ule, nimerudi nyumbani. Mnaziita habari za kizamani. Haya.

Tatu, ijaribu kwa kazi yake. Hapo ndipo ninapotaka kufika, na nimezunguka kwa sababu sipendi kufika.

Kulikuwa na kituo kimoja cha afya kando ya barabara kuu, upande wa Usangu. Jina silitaji, na msihangaike kulitafuta. Kilikuwa na mashine ya eksirei, na picha za eksirei zilikuwa zinasomwa kwenye kompyuta iliyounganishwa na televisheni kubwa ukutani. Ikaja programu mpya ya kusomea picha, ikataka mfumo mpya, na mfumo mpya ukaikataa kadi ya zamani. Nikaitwa. Kadi mpya hakuna, nikaambiwa ifanyike hivyo hivyo, kwa sababu Ijumaa kuna uzinduzi na mgeni rasmi anakuja.

Uzinduzi mnaujua. Viti vimekodiwa, turubai limefungwa, kwaya ipo, utepe upo, mkasi umewekwa kwenye sahani yenye kitambaa. Kila kitu kiko tayari isipokuwa hicho kinachozinduliwa. Nimefanya kazi miaka mingi na sijawahi kuona uzinduzi ambao fundi hajachuchumaa nyuma ya meza, kebo mdomoni, wakati mtu anajaribu kipaza sauti.

Nilianza Ijumaa ile asubuhi na mapema. Namba ya kadi niliandika. Njia ya kurudi niliijenga. Draiva ya majaribio niliiweka kwa mkono, mstari kwa mstari, nikawasha. Picha ikaja nzuri mno. Mkuu wa kituo, baba mmoja mwenye haraka, alikuwa ameniletea picha ya mgeni rasmi ili iwe ndiyo ya kwanza kuonekana skrini ikifunguliwa. Nikaiweka. Mgeni amevaa shati la kitenge, nyuma yake bendera, rangi zinang'aa. Mkuu akapiga kofi moja, akasema, "Imewaka."

Mpiga eksirei alikuwa binti wa Kinyakyusa, Atupele, mtulivu, kazi yake anaijua. Akafungua picha ya eksirei aliyoipiga jana yake, paja la mzee fulani. Akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Akaniambia, "Dada, huu mfupa mbona umekuwa mweupe hivi? Jana, kwenye mfumo wa zamani, nilikuwa naona mpaka ndani."

Nikamwambia, "Draiva mpya hiyo, iko kali."

Akaigusa televisheni kwa kidole, pale penye mfupa. Halafu akasema, "Si uangalie na ile picha yako ya harusi?" Maana aliijua, nilishamwonyesha siku nyingine.

Flashi ilikuwa mfukoni. Nilikuwa naigusa na vidole. Mkuu akaingia na simu sikioni, akasema msafara umeshafika Igawa, unakuja, watu watoke chumbani pafagiliwe. Nikamwambia Atupele tutaangalia mchana, mgeni akishaondoka. Akasema, "Haya, dada." Nikanawa mikono, nikaenda kukaa na wengine chini ya turubai. Mgeni alikawia kidogo, tukanywa soda.

Mkuu alitaka pawe na mgonjwa wa kwanza, ili mgeni aone kitu kikifanya kazi. Kwenye benchi la nje alikuwepo mama mmoja wa Kisukuma, Kabula, wa familia zile zilizohamia Usangu na ng'ombe zao. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe, nyonga inamuuma, lakini amefika kwa miguu yake, anachechemea. Wakamwambia amebahatika, ataanza yeye. Akafurahi. Utepe ukakatwa, Atupele akampiga picha, na sote tukasongamana chumbani, mgeni mbele, kwaya mlangoni. Picha ikatokea ukutani, kubwa, nyonga na paja vyeupe pe.

Daktari kijana akaisoma mbele ya wakubwa. Akaonyesha kwa kijiti, akasema mfupa uko salama kabisa, ni msuli tu umeshtuka, atapewa dawa ya maumivu na baada ya siku mbili tatu aendelee na kazi zake. Makofi. Mgeni akamshika Kabula mkono, wakapigwa picha. Kabula naye akapiga makofi. Nami nikapiga, na nilijivuna, wanangu, nawaambia ukweli. Niliangalia ule ukuta nikasema kimoyomoyo, hiyo ni kazi yangu.

Mchana ule sikuangalia kitu. Kulikuwa na pilau, na gari la kurudi Mbeya lilikuwa linaondoka.

Ulikuwa msimu wa kupandikiza mpunga. Kabula alifanya kama alivyoambiwa. Alipumzika siku tatu, akameza dawa, akaingia majarubani, akainama, akapandikiza. Alifanya kazi wiki mbili juu ya mfupa uliokuwa na ufa. Siku moja akiwa kwenye maji, mfupa ukaachia.

Atupele alinipigia simu. Hakunisalimia. Alisema Kabula amepelekwa hospitali kubwa mjini, na huko wameifungua ile ile picha ya kwanza, ya siku ya uzinduzi, kwenye skrini yao. "Ufa upo, dada. Ulikuwepo siku ile ile. Mstari mwembamba kwenye shingo ya mfupa wa paja. Kwao unaonekana, kwetu hauonekani." Kisha akakata.

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Nikachomeka flashi, nikafungua picha ya harusi. Suti haikuwa na kifungo hata kimoja, na shela la dada yake Mzee Kihwele lilikuwa shuka. Ilichukua muda wa kufumba na kufumbua kujua, baada ya wiki zote zile.

Tatizo lenyewe ni jepesi mpaka linatia kichefuchefu. Televisheni haipokei rangi kama skrini ya kompyuta. Kipimo chake ni kifupi zaidi: kijivu cha mwisho cha kompyuta, kwake tayari ni cheusi au cheupe tupu. Draiva ya zamani ilijua, ilikuwa inazibana rangi ziingie humo. Ile ya majaribio ilikuwa haijafundishwa bado, ikatuma zote, na zile zilizozidi televisheni ikazifanya nyeusi tupu au nyeupe tupu. Mfupa ni mweupe, na ufa ndani ya mfupa ni mweupe uliofifia kidogo tu. Basi ukapotea. Nikafungua faili la maelezo, lile la kusomwa kwanza. Waandishi wa draiva waliliandika jambo hilo kwa maneno mafupi ambayo mtoto wa shule angeelewa: skrini ikiwa televisheni, panga kipimo cha rangi mwenyewe, na usisomee picha za hospitali kabla hujapima. Nikaweka mstari mmoja kwenye mpangilio, nikawasha upya. Shela likaota maua. Atupele alikuwa amesimama nyuma yangu. Akafungua picha ya Kabula, na ufa ukajitokeza pale ukutani.

Mkuu wa kituo akaniita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa ameshaandika taarifa, imesema hitilafu ya umeme iliathiri skrini. Umeme. Katika nchi hii umeme umebeba dhambi za mafundi wengi. Akanisukumia kalamu, akasema, "Mama, sote tuna familia." Nikasaini. Mlitaka mama mlezi, huyo ndiye. Nimemkasirikia yule baba miaka yote hii, na daktari kijana, na mgeni na shati lake la kitenge, lakini saini ni yangu, na aliyekuwa na flashi mfukoni ni mimi.

Sikuweza kukaa nayo. Kabula alipotoka hospitali nilipanda basi mpaka Igawa, nikachukua bodaboda mpaka kwao. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mguu mmoja umekuwa mfupi, magongo yameegemezwa ukutani. Jaruba lake lilikuwa linapandikizwa na wakwe zake, anawatazama kwa mbali. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia, akaagiza niletewe maziwa. Alidhani nimetoka kituoni kumjulia hali.

Nikamweleza yote. Sikutumia maneno ya kompyuta. Nilimwambia mguu wako ulivunjika siku ile ile, picha ilikuwa nayo hiyo habari, ukuta wetu ndio ulioificha, na ukuta niliutengeneza mimi. Nikamwambia yule binti aliyekupiga picha alishtuka mapema, akaniambia nipime, nikasema baadaye, kwa sababu mgeni alikuwa anafika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Afadhali angenitukana kama Mzee Kihwele. Akaniuliza, "Hiyo kupima na kuirekebisha, inachukua muda gani?"

Nikamwambia ukweli, "Dakika tano. Na kuwasha tena, labda kumi."

Akatazama jaruba lake. Kisha akasema taratibu, "Mimi siku ile nilikaa pale kwenye benchi toka saa tatu, mguu unauma, namsubiri huyo mgeni. Alifika saa saba. Wewe nilikuwa nakuona. Ulikuwa umekaa kwenye kiti, unakunywa soda."